Lobedi kwenye jukwaa la ghala: Sentimita 30 zinazoweza kula faida yote

Mfanyabiashara anayesafirisha mzigo kutoka Dar es Salaam kwenda Kigali, au kutoka Mombasa kwenda Kampala, huuliza mambo mengi kabla ya kukodi lori. Huuliza bei ya safari, siku za njiani, bima na uaminifu wa dereva. Swali moja husahaulika kwa urahisi: sakafu ya trela iko juu kiasi gani kutoka ardhini, na jukwaa la ghala litakalopokea mzigo liko juu kiasi gani?

Kwa trela la kawaida swali hilo linaweza kupita bila madhara makubwa. Kwa trela la chini, ambalo madereva wengi wanaliita lobedi, jibu lake ndilo linaloamua kama mzigo utashushwa kwa saa moja au siku nzima, na kama vijana wanaoushusha watarudi nyumbani wakiwa wazima.

Makala haya yanaeleza kwa nini trela la chini na jukwaa la juu havielewani, namna ya kupima tatizo kabla halijatokea, njia zinazotumika kulitatua, na nani anapaswa kubeba gharama.

Vimo viwili visivyolingana

Jukwaa la kupakia na kupakua ni ile sehemu ya ghala iliyoinuliwa, ambako lori hurudi nyuma hadi likagusa ukingo. Majukwaa mengi ya maghala ya kisasa hujengwa kwa kimo cha kati ya mita 1.2 na 1.3 kutoka ardhini. Majukwaa ya maghala ya zamani ya reli yana hadithi yake, kwani yalijengwa kufuata kimo cha sakafu ya behewa na hayakufikiria lori.

Trela la kawaida lisilo na kuta lina sakafu yenye kimo cha takriban mita 1.4 hadi 1.55. Kwa hiyo likisimama kwenye jukwaa la mita 1.2 linakuwa juu kidogo ya jukwaa. Bamba la chuma likiwekwa katikati, foklifti inapanda na kuingia.

Matrela ya chini yako ya namna mbili, na ni muhimu kuyatofautisha wakati wa kukodi. Ya kwanza ni yale yenye sakafu iliyoshushwa nyuma ya shingo na kunyooka hadi mwisho, kwa kutumia matairi madogo. Kimo cha sakafu yake ni takriban sentimita 90 hadi 110. Ya pili ni lobedi halisi ya kubebea mitambo, ambayo sakafu yake imezama kati ya shingo ya mbele na matairi ya nyuma. Baadhi ya hizo hushuka hadi sentimita 60 au chini ya hapo.

Matrela haya yametengenezwa hivyo kwa sababu nzuri. Mtambo mrefu kama tingatinga, transfoma au jenereta kubwa ukiwekwa juu ya trela la kawaida unaweza kugonga nyaya za umeme au daraja la juu ya barabara. Mzigo ukiwa chini, gari linatulia zaidi kwenye kona. Tatizo huanza pale trela hilo linapopakia shehena ya kawaida, hasa katika safari ya kurudi. Mwenye gari hataki kurudi tupu, mwenye mzigo anapewa bei nafuu, na wote wawili wanakubaliana bila kuuliza ghala la mwisho limejengwaje.

Kwa nini chini ni hatari kuliko juu

Wengi hudhani kwamba tofauti ya sentimita 30 ni ile ile, trela likiwa juu ya jukwaa au chini yake. Sivyo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Kanuni ya msingi anayofundishwa dereva wa foklifti ni kwamba akiwa na mzigo kwenye mteremko, mzigo uelekee upande wa juu. Foklifti ni kama mizani: matairi ya mbele ndiyo egemeo, mzigo uko upande mmoja na uzito mkubwa wa chuma uko nyuma kuusawazisha. Mzigo ukielekea juu, unaegemea kwenye mashine. Ukielekea chini, unaivuta mashine kwenda mbele.

Sasa tuangalie trela lililo juu kuliko jukwaa. Wakati wa kupakia, foklifti inapanda na mzigo mbele, kwa hiyo mzigo unaelekea juu. Wakati wa kupakua, inaingia tupu, inachukua mzigo na kurudi kinyumenyume kuelekea ghalani. Inashuka, lakini meno yake bado yanaelekea juu. Kanuni imetimizwa mara zote mbili bila dereva hata kuifikiria.

Trela likiwa chini kuliko jukwaa, mambo yanageuka. Wakati wa kupakia, foklifti inashuka na mzigo ukiwa mbele, unaelekea chini. Wakati wa kupakua, inachukua mzigo ndani ya trela na kupanda kinyumenyume, na mzigo bado unaelekea chini. Dereva hawezi kugeuza mashine humo ndani kwa sababu trela lina upana wa takriban mita 2.5 tu na halina kuta za kumzuia asianguke. Akijaribu kuingia kinyumenyume ili mzigo uelekee juu, ataweka paleti mbele yake na kujifungia mwenyewe upande wa ndani.

Kwa maneno mengine, kwenye trela la chini kanuni ya usalama inavunjwa katika kila mzunguko, hata kama dereva ni hodari na mwangalifu. Kinachoweza kufanyika ni kupunguza ukali wa mteremko, au kuepuka kabisa foklifti kuvuka kutoka jukwaani kuingia kwenye trela.

Hesabu ya mteremko

Hesabu yake ni rahisi na inaweza kufanywa kwa simu ya mkononi. Chukua kimo cha jukwaa, toa kimo cha sakafu ya trela, kisha gawanya kwa urefu wa bamba la chuma linalounganisha vyote viwili. Zidisha kwa 100 upate asilimia ya mteremko.

Tuchukue mfano. Jukwaa lina sentimita 120 na trela lina sentimita 90. Tofauti ni sentimita 30. Bamba likiwa na urefu wa mita 1.5, mteremko ni asilimia 20. Bamba la mita 2 linatoa asilimia 15. Bamba la mita 3 linatoa asilimia 10.

Katika biashara ya vifaa vya majukwaa, viwango vinavyotumika kama kikomo ni takriban hivi: toroli la paleti la kusukuma kwa mkono lisizidi asilimia 3, toroli la umeme asilimia 7, foklifti ya umeme asilimia 10, na foklifti ya gesi au dizeli asilimia 15. Viwango hivyo vinahusu uwezo wa kifaa kumudu mteremko. Bamba likiwa limelowa mvua au lina mafuta, hata asilimia 10 inaweza kuwa nyingi.

Tukirudi kwenye mfano wetu, toroli la mkono lingehitaji bamba la mita 10 ili kushusha sentimita 30 kwa usalama. Hakuna bamba la namna hiyo. Kwa hiyo anayewaambia makuli wateremshe toroli lenye tani moja kwenye bamba la mita moja na nusu anawatuma wakimbizane na mzigo ambao hakuna mikono ya binadamu inayoweza kuuzuia.

Kuna hesabu ya pili. Kibao cha uwezo kilichobandikwa kwenye foklifti, kinachosema kwa mfano kilo 3,000, kinahusu mashine ikiwa kwenye sakafu iliyo sawa. Kwenye mteremko wa asilimia 15, kitovu cha uzito kilicho mita moja juu ya bamba husogea mbele kwa sentimita 15. Mzigo mrefu, kama mapipa yaliyopangwa safu mbili, husogea zaidi. Uwezo ulioandikwa kwenye kibao haupo tena, na hakuna kibao kingine kinachomwambia dereva umebaki kiasi gani.

Vilevile bamba lenyewe lina kikomo chake. Foklifti ya tani 3 ina uzito wake wa takriban tani 4 hadi 4.5. Ikibeba tani 2.5, bamba linapokea karibu tani 7, na sehemu kubwa ya uzito huo iko kwenye matairi mawili ya mbele. Bamba lililochongwa na fundi wa mtaani bila kupimwa, na lisilo na ndoano au vyuma vya kulizuia lisiteleze, ni mtego.

Trela halitulii kwenye kimo kimoja

Kosa la kawaida ni kupima kimo cha trela mara moja, likiwa tupu au likiwa limejaa, na kudhani kipimo hicho kitabaki hivyo.

Trela hukaa juu ya springi au mifuko ya hewa. Likipakiwa linashuka sentimita kadhaa, na likipakuliwa linapanda. Maana yake ni kwamba trela la chini linapopakiwa kwenye jukwaa la juu, mteremko unazidi kuwa mkali kadiri kazi inavyoendelea. Katika mfano wetu, trela likishuka sentimita 6, tofauti inakuwa 36 na mteremko wa bamba la mita 3 unapanda kutoka asilimia 10 hadi 12. Paleti za mwisho, zinazopakiwa watu wakiwa wamechoka, ndizo zinazopita kwenye mteremko mkali kuliko zote.

Katika kupakua mambo ni kinyume. Mzigo wa kwanza ndio unaotoka trela likiwa limekaa chini kabisa. Kwa hiyo pima kabla ya paleti ya kwanza kutoka, na usisubiri mambo yaharibike.

Kuna pia mwendo wa kwenda mbele. Foklifti inaposhuka na kufunga breki juu ya sakafu ya trela, inalisukuma trela kutoka kwenye jukwaa. Kila mzunguko unaweza kulisogeza kidogo, na bamba linabaki limeshikilia ukingo kwa vidole tu. Kisha mzunguko mmoja bamba linadondoka, na foklifti nalo. Breki ya mkono peke yake haitoshi. Kabari imara ziwekwe mbele ya matairi ya trela, pande zote mbili, na ufunguo wa gari ukae kwa msimamizi wa ghala hadi kazi itakapokwisha. Hilo la ufunguo linazuia pia ile ajali ya dereva kuondoka akidhani kazi imekwisha wakati mtu yuko ndani ya trela.

Trela lililotenganishwa na kichwa lina hatari yake. Likibaki limesimama kwa miguu yake ya mbele, foklifti ikienda hadi mwisho wa mbele inaweza kulifanya liinamie pua. Miguu ikiwa juu ya udongo au lami iliyolainika kwa jua, inazama. Kama foklifti itaingia ndani, kichwa kibaki kimefungwa, au mbele ya trela iwekewe nguzo imara za kuegemea.

Njia zinazotumika

Zipo njia kadhaa za kumaliza tatizo hili, na gharama zake hazilingani. Tunazitaja tukianzia na ile inayopaswa kufikiriwa kwanza.

Kupakia kwa ubavu kutoka ardhini. Faida ya trela lisilo na kuta ni kwamba liko wazi pande zote. Foklifti ikibaki chini kwenye uwanja ulio sawa inaweza kuweka au kutoa paleti kutoka ubavuni bila kuvuka bamba lolote. Kwa trela la chini hii ndiyo njia ya asili. Inahitaji uwanja mgumu wenye nafasi ya foklifti kugeuka, na ikiwezekana nafasi pande zote mbili. Kama meno ya foklifti hayafiki upande wa pili, paleti za upande huo zichukuliwe kutoka huko huko. Kusukuma paleti moja kwa kutumia nyingine ni njia ya kuangusha mzigo kwa mtu aliyesimama upande wa pili.

Kupokezana kwenye ukingo. Hii inafaa pale ghala lenyewe lina jukwaa tu na bidhaa lazima zipitie hapo. Foklifti ya ndani inaleta paleti hadi ukingoni na kuiacha. Foklifti ya nje, iliyo ardhini, inainua meno hadi kimo cha jukwaa, inaichukua, inarudi nyuma, inashusha na kuiweka kwenye trela kutoka ubavuni. Hakuna tairi linalovuka pengo. Inahitaji mashine mbili na uangalifu kwamba hakuna anayesimama kati yao, lakini katika maghala yasiyo na vifaa vya kisasa ndiyo njia salama inayopatikana kwa urahisi zaidi.

Kuinua trela. Baadhi ya matrela ya chini yana mifuko ya hewa au mitungi ya haidroliki inayoweza kuinua sakafu. Sentimita 10 tu zinaweza kuutoa mteremko wa bamba la mita 2 kutoka asilimia 15 hadi 10. Mwulize mwenye gari kama mfumo huo upo na kama unafanya kazi. Njia nyingine ni kurudisha matairi ya nyuma juu ya vipandio vya chuma au zege vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Magogo, matofali na mawe yaliyopangwa haraka haraka si vipandio.

Bamba refu au daraja la uwanjani. Daraja la chuma la kuhamishwa, lenye magurudumu na urefu wa takriban mita 10 au zaidi, huunganisha ardhi na sakafu ya trela na kuifanya foklifti isilihitaji jukwaa kabisa. Kwa trela la sentimita 90, daraja la mita 10 lina wastani wa asilimia 9, na kwa kuwa foklifti sasa inapanda kuingia, mzigo unaelekea juu kama kanuni inavyotaka. Ni ghali kununua, lakini ghala linalopokea matrela ya chini kila wiki lifanye hesabu ya kununua dhidi ya kukodi kreni kila mara.

Kreni. Kwa transfoma, mashine za kiwanda na mabunda ya chuma, kreni ndiyo jibu. Ikodiwe kwa kujua uzito halisi wa mzigo na umbali wa mkono wake, kwa sababu kreni ya tani 25 haiinui tani 25 ikiwa imenyoosha mkono mbali.

Kwa lobedi halisi, yenye sakafu iliyozama katikati, kurudi nyuma hadi jukwaani hakusaidii kitu. Kati ya jukwaa na sakafu kuna sehemu ya matairi iliyo juu zaidi, na foklifti ikijaribu kuvuka hapo inaweza kukwama tumbo. Mashine yenye minyororo inayoendeshwa kutoka jukwaani huning'inia ukingoni kisha kudondoka mbele kwa kishindo. Lobedi za mitambo zina ngazi zake za kushukia ardhini, na huko ndiko zinakopaswa kupakuliwa.

Haraka ya jukwaani hulipwa kwenye mizani

Namna mzigo unavyoingia kwenye trela ina matokeo barabarani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyopitishwa mwaka 2013, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, lenye ekseli saba. Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Lakini jumla si kila kitu, kwa sababu kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Gari la ekseli sita lenye ekseli moja ya usukani, mbili za kuvuta na tatu za trela linaruhusiwa tani 8, 18 na 24, yaani 50 kwa jumla.

Mahali ambapo kuingia ndani ya trela ni kugumu, wapakiaji hupenda kuacha vitu vizito karibu na jukwaa, yaani nyuma. Gari linafika kwenye mizani likiwa na uzito halali kwa jumla, lakini ekseli tatu za trela zimezidi. Matokeo yake ni faini, au amri ya kupanga mzigo upya mahali ambapo hakuna jukwaa wala foklifti. Kinyume chake hutokea pia: paleti nzito zikisukumwa zote mbele, shingo ya trela inazikandamiza ekseli za kichwa.

Mpango wa kupakia uandikwe kwenye karatasi kabla ya kazi kuanza: paleti ipi inaingia kwanza, ina uzito gani, na itashukia wapi. Kwa shehena inayoshushwa kwa wateja wawili, mmoja Kahama na mwingine Kigali, mzigo wa Kahama lazima ufikike kwanza. Kama umepakiwa kwa ubavu, uwe upande ambao ghala la Kahama lina nafasi.

Mpakani

Katika vituo vya pamoja vya forodha kama Rusumo, Namanga, Busia, Malaba na Mutukula, ukaguzi umerahisishwa kwa sababu maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja. Hata hivyo, shehena ikichaguliwa kwa ukaguzi wa kufunguliwa, lazima ishushwe. Wakala wa forodha asiyejua kwamba mzigo umekuja kwa trela la chini hataandaa foklifti ya ardhini, na gari litasubiri.

Jambo hilo ni dogo kulitatua. Andika aina ya trela na kimo cha sakafu kwenye maelekezo unayompa wakala, pamoja na uzito wa kipande kizito kuliko vyote. Mzigo unaozidi vipimo vya kawaida unahitaji kibali maalumu katika kila nchi unayopita. Kupakua na kupakia upya njiani kunaweza kubadili vipimo vilivyoandikwa kwenye kibali hicho.

Nani analipa

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Lori limefika, ghala halina namna ya kushusha, na kila upande unamtazama mwenzake.

Kwa wanaotumia masharti ya Incoterms ya mwaka 2020, jibu limeandikwa. Chini ya EXW, muuzaji halazimiki kupakia. Chini ya FCA, kama mahali palipotajwa ni kwa muuzaji, kupakia ni jukumu lake. Chini ya DAP, muuzaji anafikisha mzigo ukiwa juu ya gari, tayari kupakuliwa, na kupakua ni kazi ya mnunuzi. Chini ya DPU, muuzaji ndiye anayepakua. Mnunuzi wa Kigali aliyeagiza kwa DAP kisha akaletewa lobedi kwenye jukwaa la mita 1.2 atalipa kreni yeye mwenyewe, isipokuwa kama alitaja aina ya gari kwenye mkataba.

Mkataba wa usafirishaji ni kitu kingine. Uandike muda wa bure wa kupakua, saa unayoanzia kuhesabiwa, na malipo ya kila siku gari linapochelewa. Useme pia nani atawajibika kama gari lililoletwa si la aina iliyokubaliwa. Msafirishaji aliyeahidi trela la kawaida kisha akaleta la chini kwa sababu ndilo lililokuwa karibu hana haki ya kudai malipo ya kuchelewa, lakini bila maandishi atadai, na huenda akalipwa.

Kuhusu bima, wengi hawajasoma wanachonunua. Masharti ya kawaida ya bima ya shehena yanayotumika kimataifa, toleo la mwaka 2009, yana madaraja A, B na C. Kinga huanza mzigo unaposogezwa ghalani ili upakiwe mara moja, na huisha upakuaji unapokamilika kwenye ghala la mwisho. Lakini daraja C, ambalo ni la bei nafuu, linalipia majanga yaliyotajwa tu, kama moto au gari kupinduka. Paleti ya vigae iliyoteleza kutoka kwenye meno ya foklifti haimo. Anayejua kwamba mzigo wake utapita kwenye mazingira magumu ya kupakua aulizie daraja A, na asome yaliyoondolewa, hasa kuhusu ufungaji mbovu wa bidhaa.

Kuhusu watu, sheria ziko wazi pande zote za mpaka. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006 na Kenya ya mwaka 2007, na zote zinamtaka mwajiri kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Kuli wa kutwa anayelipwa kwa gunia bado ni mtu anayefanya kazi kwenye eneo lako. Akivunjika mguu kwenye bamba lako, kusema kwamba hukumwajiri wewe si kinga ya kutegemea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukodi

Kwa mwenye ghala la kupokea: Jukwaa lina kimo gani? Uwanja ni mgumu na una nafasi ya kupakia kwa ubavu? Mnayo foklifti ya ardhini au ya ndani tu, na uwezo wake ni kiasi gani? Bamba lina urefu gani na limepimwa kwa tani ngapi?

Kwa mwenye gari: Sakafu ina kimo gani ikiwa tupu na ikiwa imejaa? Imenyooka hadi mwisho au imezama katikati? Ina mfumo wa kuinuliwa? Kabari zipo ndani ya gari?

Kwa mwenye mzigo: Kipande kizito kuliko vyote kina uzito gani, na kinaweza kuchukuliwa na foklifti kutoka ubavuni? Mzigo umefungwa vizuri kwenye paleti, au utateleza ukiinamishwa?

Majibu ya maswali hayo yanatoshea kwenye ujumbe mmoja wa simu. Tofauti kati ya vimo viwili ikizidi sentimita 20, chukulia kwamba foklifti haitavuka na panga njia nyingine kabla gari halijaondoka. Njia hiyo iwekewe bei ndani ya mkataba.

Wafanyabiashara wa ukanda huu wamezoea kupigania punguzo kwenye nauli. Ni sawa, lakini nauli ya lobedi inayorudi tupu ni nafuu kwa sababu maalumu, na mwenye mzigo anapaswa kujua sehemu ya pili ya bei hiyo italipiwa wapi. Ikiwa ghala la mwisho lina uwanja mpana na foklifti ya ardhini, punguzo hilo ni faida halali na ulichukue. Ikiwa lina jukwaa la mita 1.2 lililobanwa kati ya kuta mbili, mwambie mwenye lobedi ahsante, ukatafute trela la kawaida.